Uzi: Taa za zamani za baiskeli tuzitie LED bila kuziharibu (mafundi wa Tabora na wenye Raleigh, Phoenix, Hero karibuni)

Fundi wa Ng'ambo:

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linaniuma sana hapa kibandani kwangu Ng'ambo. Watu wanaleta baiskeli walizoachiwa na wazazi, Raleigh za Uingereza na Phoenix za Shanghai, zina taa za chuma za krome mbele, halafu wanaagiza taa ing'olewe itupwe na pale pafungwe tochi ya plastiki ya kuchaji. Nyingine nimezikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zinasubiri kupimwa kwa kilo, kioo kizima, krome bado inaonyesha uso. Na huyohuyo aliyeitupa anarudi Mabama usiku gizani, kwa sababu tochi imeisha chaji na kwake umeme haujafika.

Msimamo wangu nauweka mapema: taa ya zamani na dainamo yake (kile kizalisha umeme kinachozungushwa na gurudumu) vibaki kwenye baiskeli, kinachobadilishwa ni globu peke yake. Ganda, kioo, swichi na rifleka (kile kibakuli cha kung'aa ndani) visiguswe na drili. Siku mwenye mali akitaka kurudisha globu ya zamani, airudishe bila kukuta tundu hata moja jipya.

Tuanze na dainamo, maana kazi nyingi zinaharibikia hapo. Ile dainamo ya chupa inayosugua ubavu wa tairi huwa imeandikwa 6V 3W. Ilipangiwa globu ya mbele ya wati 2.4 na ya nyuma ya wati 0.6. Wati 3 gawanya kwa volti 6, unapata nusu ampea. Shikeni hiyo nusu ampea.

Betri hushikilia volti, na mzigo ndio unaoamua ampea. Dainamo ikishakolea mwendo inafanya kinyume chake: inashikilia ampea. Kadiri unavyokanyaga kwa kasi, umeme wake unageuka mwelekeo mara nyingi zaidi kwa sekunde, na koili yake yenyewe inazidi kuuzuia, kwa hiyo mkondo haupandi sana kupita hiyo nusu ampea hata ukiteremka mlima. Kinachopanda ni volti, kama hakuna mzigo wa kuzishusha. Ndiyo sababu ya yale malalamiko ya zamani kwamba globu ya nyuma ikiungua, ya mbele haichelewi kuifuata. Mkondo wote uliokuwa unagawanywa kwa wawili sasa unapita kwa mmoja.

LED nayo inataka kulishwa hivyohivyo, kwa mkondo uliotulia. LED nyeupe ya wati 3 hula kama volti 3 na inavumilia hadi miliampea 700. Dainamo inaleta 500. Hapa hakuna haja ya rizista wala sakiti ya ziada ya kupunguza umeme. Unaweza kuweka LED moja, au mbili mfululizo. Moja inawaka hata ukisukuma baiskeli kwa mwendo wa miguu. Mbili zinataka mwendo kidogo, lakini mwanga ni karibu maradufu, kwa kuwa mkondo uleule unapita zote mbili.

Kinachohitajika ni dayodi nne, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Umeme wa dainamo ni AC, unakwenda na kurudi, na LED inapitisha upande mmoja tu. Ukiifunga moja kwa moja, nusu ya umeme inapotea, na ule unaorudi nyuma unaweza kuiua, kwa kuwa LED nyingi hazijatengenezwa kuvumilia zaidi ya volti 5 kinyumenyume. Panga dayodi nne kama tunavyofanya kwenye redio, ili umeme wa kwenda na wa kurudi wote ufike kwenye LED ukielekea upande mmoja. Zile 1N4007 zinazopatikana kwenye taa za enaji seva zilizokufa zinafanya kazi, lakini umeme unapita dayodi mbili kwa wakati mmoja na kila moja inakula volti 0.7 au zaidi. Kwenye dainamo hiyo ni hasara kubwa. Tafuta 1N5819, inakula karibu nusu ya hapo. Baada ya dayodi weka kapasita (inatunza umeme kidogo ili mwanga utulie) ya mikrofaradi 1000, na volti zake ziwe 50. Msiweke ya volti 16 kwa hoja kwamba dainamo ni ya volti 6: waya wa LED ukichomoka njiani, volti zinaruka hadi makumi na kapasita inapasuka.

Sasa jambo linalowapoteza wengi. Taa hizi zina waya mmoja tu kutoka kwenye dainamo. Njia ya pili ni bodi, yaani fremu yenyewe. Fundi aliyezoea pikipiki anachukua hasi ya LED anaikamatisha kwenye ganda la taa, kwa kuwa kwenye pikipiki hasi ni bodi. Kwenye baiskeli bodi ni mguu mmoja wa AC, bado haujafika kwenye dayodi. Ukigusisha hasi ya LED na bodi, dayodi moja umeiruka, na kila umeme unaporudi unapita kwenye dayodi ya jirani kama shoti bila kufika kwenye LED. Unapata nusu mwanga, tena unaopepesa. Baada ya dayodi, chanya na hasi zote mbili zikae mbali na chuma cha baiskeli. Hilo halina mjadala.

Sehemu ya kitako cha globu na rifleka nitaileta kesho, inahitaji maelezo marefu. Maswali karibuni.


Mtoto wa Isevya:

Asante mkuu kwa uzi, nimekaa mbele kabisa. Mimi nina Phoenix ya marehemu babu. Nilinunua globu za LED za kuzungusha kwenye duka moja hapa mjini, zinaingia vizuri kabisa kwenye taa. Ya kwanza iliwaka vizuri mpaka kwenye mteremko, ikazimika moja kwa moja. Muuzaji anasema dainamo yangu mbovu. Ni kweli?


Fundi wa Ng'ambo:

Kaka, dainamo yako nzima, na hiyo globu yenyewe ndiyo ushahidi. Kile kitako cha kuzungusha cha milimita 10 kinaitwa E10, na globu za LED za kitako hicho nyingi zimetengenezewa tochi ya betri. Ndani kuna LED ndogo ya miliampea 20 au 30 na rizista yake, imepigiwa hesabu ya volti ambazo hazibadiliki. Wewe unaipa chombo kinachotaka kusukuma nusu ampea. Kwa kuwa globu haiwezi kumeza nusu ampea, volti zikapanda mpaka ikaungua. Mteremko uliharakisha tu.

Ziko zilizotengenezwa mahsusi kwa dainamo, zina dayodi na kinga ndani. Ukizipata ni nzuri. Usipozipata, hiyo iliyoungua usiitupe, kitako chake tutakitumia.


Kaliua Moja:

Mkuu heshima yako, ila mimi napinga kidogo. Dainamo inachosha miguu na inakula tairi. Kwetu Kaliua kila nyumba siku hizi ina kisola. Mimi nimeweka betri ya simu, BL-5C, ndani ya ganda la taa ya Miller, nikaweka na LED. Nachaji mchana kwa sola, usiku natembea. Hakuna kelele, hakuna uzito, na nikisimama taa haizimiki. Kwa nini nihangaike na dayodi?


Mwalimu wa Fizikia:

Naomba niingie kati kwa hesabu. BL-5C ikiwa mpya ina kama miliampea-saa 1020. LED ukiilisha miliampea 300, una saa tatu na kidogo, na betri iliyochoka inatoa chini ya hapo. Ikijaa ni volti 4.2, LED inakula 3.1, kwa hiyo rizista ni tofauti yake, volti 1.1, gawanya kwa ampea 0.33 za mwanzo betri ikiwa imejaa, karibu omu 3.3. Iwe ya nusu wati au zaidi, la sivyo itaungua. Na betri isishuke chini ya volti 3, ikishuka mara kwa mara itakufa.

Kuhusu uzito wa dainamo, tuangalie mwanga unaolipwa. Globu ya uzi kwa kila wati inatoa kama lumeni 10 tu (lumeni ni kipimo cha mwanga), nguvu nyingi inaishia kwenye joto. LED nyeupe ya leo inafika lumeni 100 kwa wati. Miguu ileile iliyokuwa inakupa kamwanga kekundu ka wati 2.4 sasa inakupa mwanga wa kuona shimo kabla hujaliingia. LED nyeupe ilichelewa kuja kwa sababu ya rangi ya bluu. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962, kazi ya Nick Holonyak wa Marekani, lakini bluu angavu ilisubiri miaka ya 1990, na bila bluu hakuna nyeupe. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa hiyo bluu. Wanafunzi wangu huwa hawaamini kwamba taa nyeupe ya simu zao ndani ni bluu iliyopakwa unga wa manjano.


Fundi wa Ng'ambo:

Mwalimu umenisaidia sana.

Kaliua Moja, kazi yako siidharau, na kwa mwenye sola inafaa. Nina mambo mawili tu. Betri ya lithiamu ndani ya ganda la chuma kwenye barabara zetu za makorongo: ikitikisika mpaka chanya ikagusa ganda, ni moto. Ifunge kwa mpira wa tyubu pande zote na uweke fyuzi. La pili ni wale ambao hawana kisola. Mtu wa mkaa anayetoka porini saa tisa usiku ili afike mjini alfajiri, dainamo yake haimuulizi kama jana jua lilikuwapo.


Mtoto wa Isevya:

Tunasubiri kitako na rifleka.


Fundi wa Ng'ambo:

Haya, kitako na rifleka. Hapa naomba msome taratibu.

Fungua ukingo wa taa, toa kioo na rifleka. Ndani utakuta kijilimi cha shaba kinachogusa kitako cha globu kwa nyuma, na kiosha cha fiba chekundu kinachokitenga na ganda. Mara nyingi kijilimi kimekuwa cheusi au kina ukungu wa kijani. Kisugue kwa msasa laini mpaka kiwe na rangi ya shaba, kisha kiinue kidogo kirudishe uspringi wake. Kiosha kikiwa kimepasuka kata kingine kwenye kadi ngumu ya plastiki. Taa nyingi zinazoletwa kwangu kama "zimekufa" zinapona hapo, kabla hata ya LED.

Chukua globu iliyoungua ya E10. Ifunge kwenye kitambaa kinene, vunja kioo kwa koleo, safisha gundi ya ndani mpaka ubaki na kikombe cha shaba kitupu chenye hesi. Hicho ndicho kitako chako kipya. Kinaingia kwenye taa kama globu nyingine yoyote, kwa hiyo hakuna cha kutoboa. Kama taa yako ni ya globu yenye kola isiyozungushwa, ile P13.5s ya kama kwenye tochi, njia ni ileile, tumia kitako chake.

Lakini kabla ya kuvunja, chukua globu nzima ya aina hiyohiyo na pima kwa rula kutoka ukingo wa kitako hadi kwenye uzi unaowaka. Andika namba hiyo. Rifleka ilichongwa ili chanzo cha mwanga kikae hapo hapo. Ukisogea milimita mbili mbele au nyuma, duara la mwanga linakuwa na tundu jeusi katikati au linatawanyika lote.

Uzi wa globu unatupa mwanga pande zote, na rifleka inaukusanya inaupeleka mbele. LED inatupa mwanga upande mmoja tu, kama nyuzi 120. Ukiielekeza mbele, mwanga mwingi unapita kwenye kioo bila kugusa rifleka kabisa. Unaona ukuta mzima umeng'aa ukiwa kibandani, ukifika barabarani huoni mita kumi. Watu wanailaumu LED, kumbe rifleka haina kazi ya kufanya.

Ninachofanya mimi ni hiki. Nakata kipande cha alumini chenye upana wa kama milimita 8, unene wa 3, kutoka kwenye bamba la kupozea la kompyuta mbovu. Nakisimamisha juu ya kitako. LED mbili za wati 3 nazibandika mgongo kwa mgongo, moja inatazama kushoto, nyingine kulia, na katikati yake iwe kwenye ile namba uliyoandika. Hapo mwanga mwingi unapiga rifleka kwanza ndipo utoke, na taa inatupa mwanga mbele kama ilivyokusudiwa na walioitengeneza. Ukiiwasha usiku unaona kabisa ile michirizi ya kioo inautandaza mwanga kulia na kushoto mwa njia.

Kati ya LED na alumini weka kipande chembamba cha mika, ile karatasi ya jiwe isiyopitisha umeme. Pasi ya umeme iliyoungua ina mika nzuri ndani. LED nyingi za wati 3 tumbo lake la chuma linaweza kuwa limeunganishwa na mguu mmojawapo, na alumini ikigusa bodi tumerudi kwenye ile shoti niliyoisema. Pima kwa mita, usikisie.

Joto lisidharauliwe. LED haichomi mkono kama globu, ila joto lake linakaa nyuma ya chipu na lisipopata njia linaila polepole, mwanga unakuwa wa bluu kisha unakufa. Ile alumini ishuke mpaka nyuma ya rifleka, na pale iungane na duara la alumini (la sufuria iliyotoboka linatosha) linalobana kwenye ganda. Ganda la chuma likishapigwa na upepo wa mwendo linapoza vya kutosha.

Dayodi nne na kapasita vinakaa nyuma ya rifleka, kwenye nafasi ya ganda. Waya mmoja wa dayodi kwenye ncha ya chini ya kitako, mwingine kwenye hesi yake. Vingine vyote vivalishwe mpira.

Wanaotaka njia fupi: LED moja inayotazama mbele na lenzi ndogo ya plastiki juu yake, ile ya milimita 20. Inatoa mwanga mkali wa katikati, na inafaa kama rifleka imeshaota kutu. Ila kwenye taa ya Lucas au Miller yenye rifleka nzima naona ni kuinyima kazi yake.


Mzee wa Cheyo:

Vijana hamjambo. Nimesoma yote. Mimi nina Raleigh niliyoinunua nikiwa kazini reli. Dainamo yake haisugui tairi, iko katikati ya gurudumu la mbele, habu nene kama kopo. Imeandikwa Sturmey-Archer GH6. Taa iliacha kuwaka siku nyingi lakini gurudumu linazunguka safi. Je, hii nayo yafaa kutiwa hizo LED, au inataka mambo mengine?


Mtoto wa Isevya:

Shikamoo mzee. Hiyo ni Dynohub, usiiuze!


Mzee wa Cheyo:

Marahaba mwanangu. Siiuzi.


Fundi wa Ng'ambo:

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni mali. Sturmey-Archer walianza kuuza Dynohub mwaka 1936, na hiyo GH6 waliitengeneza mpaka 1984. Ni volti 6, wati kama 2, mkondo wake ni kama ampea 0.3. Kwa globu ya uzi ilikuwa inalalamikiwa kuwa na mwanga hafifu. Kwa LED ampea 0.3 ni chakula kizuri kabisa, na haina mlio wala haili tairi.

Naomba jambo moja kwa heshima zote, mzee: fundi yeyote atakayeishika asiichomoe koili kutoka kwenye pete ya sumaku. Sumaku ya zamani hizo ikiachwa wazi bila chuma cha kuifunga inapoteza nguvu papo hapo, na hapa Tabora hakuna wa kuirudishia. Kama ni kusafisha, asafishe vile viungo viwili vya waya kwa nje kwanza. Mara nyingi ugonjwa uko hapo.


Mwalimu wa Fizikia:

Niongeze kwa ajili ya mzee. Dainamo ya chupa kichwa chake ni kidogo, kinazunguka mara nyingi sana, kwa hiyo kupepesa kwa mwanga hakuonekani. Dynohub inazunguka na gurudumu. Ina ncha 20 za sumaku, yaani mizunguko 10 ya umeme kwa kila duru ya gurudumu. Gurudumu la inchi 28 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa linazunguka kama mara 1.9 kwa sekunde. Hiyo ni mizunguko 19 kwa sekunde, na baada ya dayodi nne ni mapigo 38. Jicho linaona. Globu ya uzi ilikuwa inaficha hilo kwa sababu uzi haupoi haraka, LED haifichi kitu. Kwa hiyo kapasita ya 1000 haitoshi hapo, wekeni 4700 au zaidi.


Fundi wa Ng'ambo:

Nakazia. Na kwa Dynohub LED moja inayotazama nyuma kwenye rifleka, au mbili za wati 1 zilizopeana mgongo, zinatosha. Mzee, ukipata nafasi pita Ng'ambo tuipime hata bila kuifungua. Mita kwenye AC, gurudumu juu, mkono uzungushe. Ikisoma volti kadhaa, ni hai.


Bi Asali:

Habari zenu kaka zangu. Mimi nabeba asali kutoka upande wa Sikonge, madumu mawili kwenye karia. Shida yangu haiko kwenye globu. Dainamo inateleza kukiwa na umande, na kwenye mchanga inasaga tairi mpaka nyuzi zinaonekana. Halafu kuna ndugu mmoja njiani ana LED kali, tukikutana sioni kitu nusura niingie mtaroni na mzigo wangu. Hayo nayo mtuambie.


Fundi wa Ng'ambo:

Dada pole, na umeuliza mambo mawili ya msingi kabisa.

Dainamo inayosaga tairi karibu kila mara imekaa vibaya. Simama ubavuni, tazama ule mhimili wa dainamo, yaani mstari unaopita katikati ya kichwa chake kwenda chini. Mstari huo ukiurefusha ni lazima upite katikati ya ekseli ya gurudumu. Ukipotoka hata kidogo, kichwa hakizunguki sawa na tairi, kinakwangua. Legeza nati ya mkono wake, pinda taratibu mpaka upatane, kaza. Kichwa kiguse ule ukanda wa mistari ubavuni mwa tairi, si mpira wa juu unaokanyaga mchanga. Kwa utelezi, vishikizo vya kichwa vikiwa vimelika, kivalishe pete iliyokatwa kwenye tyubu. Inabana hata tairi likiwa na maji, na tairi linapona.

Kuhusu kupofushana: taa isitazame usawa wa macho. Simamisha baiskeli mahali tambarare usiku, elekeza taa mpaka kitovu cha mwanga kianguke chini kama mita 10 mbele yako. Anayekuja mbele ataona kuna taa na hataumia. Hapo rifleka ya zamani inaishinda tochi, maana tochi inatupa mwanga duara zima hadi kwenye miembe.


Kaliua Moja:

Hapo umenigusa fundi, naona ndugu wa dada anaweza kuwa mimi, nitainamisha taa. Sasa ya nyuma je? Malori ya tumbaku barabara ya Urambo hayana huruma na mtu asiye na taa nyuma.


Fundi wa Ng'ambo:

Ya nyuma nyekundu ni rahisi kama mbele umeweka LED mbili mfululizo. Kwenye chanya na hasi baada ya dayodi unakuta kama volti 6.2. LED nyekundu ya kawaida inakula volti 2, iache miliampea 23 hivi. Rizista ya omu 180, robo wati inatosha. Ukitaka mbili, kila moja iwe na rizista yake.

Waya wa nyuma lazima uwe wa nyuzi mbili, chanya na hasi. Usitumie bodi kama zamani, sababu nimeshaieleza. Upitishe chini ya bomba la juu la fremu na ufunge vizuri pale karia inapocheza. Globu ya zamani ya nyuma usiiache ikishiriki waya na LED za mbele, italishwa volti zisizo zake.


Mtoto wa Isevya:

Wakuu mrejesho. Nimemaliza ya babu. LED mbili mgongo kwa mgongo, dayodi 1N5819, kila kitu kama ulivyosema. Inawaka, lakini ni hafifu na inapepesa hata nikikanyaga sana. Nimebadilisha kapasita, bado.


Fundi wa Ng'ambo:

Toa waya wa dainamo. Weka mita kwenye ile sehemu ya kupiga mlio. Ncha moja kwenye ganda la taa, nyingine gusa chanya ya LED kisha hasi. Ikilia popote, mika imepasuka au lehemu inagusa chuma.


Mtoto wa Isevya:

Imelia kwenye hasi! Mika ilikuwa na ufa pale pembeni, mguu wa LED umegusa alumini. Nimeweka mika mpya mbili.

Fundi, sikujua taa hii ina uwezo huu. Nimetoka mpaka karibu na Kwihara na kurudi, njia nzima naiona, ile michirizi ya kioo inautandaza mwanga mpaka kwenye nyasi. Bibi ametoka nje kuiangalia.


Fundi wa Ng'ambo:

Hongera sana kaka. Umeirudisha barabarani taa ya babu, nimefurahi kweli.


Bi Asali:

Na mimi dainamo nimeipinda kama ulivyosema, kweli haikwangui tena. Swali la mwisho: Novemba mvua zinaanza. Taa ya chuma imefunguliwafunguliwa hivyo haitaingia maji?


Fundi wa Ng'ambo:

Dada, kata pete ya tyubu upana wa ukingo wa kioo, iweke kavu kati ya kioo na ganda kabla ya kukaza ukingo. Mafuta ya jeli paka kwenye hesi ya kitako na kwenye kijilimi cha shaba tu, yasiguse mpira, yatauvimbisha. Waya unaoingia kwenye taa uache ushuke kidogo chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, maji yatadondokea pale chini yasifuate waya ndani. Ganda usilizibe lote kwa silikoni. Likizibwa kabisa unyevu uliobaki ndani hauna pa kutokea, asubuhi unakuta kioo kimeota ukungu na rifleka inaanza madoa. Tundu la waya liwe upande wa chini, liachwe lipumue.